Ngisi wa Kukonyezana

Mambo yalianza na mtungi wa maji. Mwanamize aliamka asubuhi akaukuta umejaa pomoni, kuni zimepasuliwa na kupangwa, na mumewe Shaame yuko uani anafagia huku akipiga mbinja. Mwanamize alisimama mlangoni na mswaki mdomoni, akajiuliza kama ameolewa upya bila kupewa habari. Huyu si ndiye Shaame aliyekuwa akirudi, akila, akajipangusa mdomo na kulala fofofo kabla sahani haijaoshwa?

"Mama Yussuf," Shaame alisema, "hiyo kanga imekukaa!"

Kanga yenyewe kuukuu, imechanika pindo. Mwanamize alicheka hadi povu la dawa ya meno likampalia.

Wiki ile ilipita hivyo hivyo, na nyingine ikafuata kwa raha ile ile. Na si kwake tu. Jirani yake, Zulekha, alipakiwa mlango rangi ya buluu na mume ambaye hakuwahi kushika brashi tangu azaliwe. Mzee Bakar, aliyekuwa akitembea na bakora na kulalamikia magoti kila baada ya sala, aliisahau bakora yake barazani na wala hakuikumbuka. Kisiwa Panza nzima wanaume walikuwa wepesi, wananukia udi, wanasalimia hata kuku. Wanawake hawakuuliza kitu. Ukiletewa tunu, huulizi imetoka duka gani.

Lakini Zulekha alikuwa na ulimi usiotulia. Siku moja wakiwa wanaanua nguo, alisogea mpaka kwenye sikio la Mwanamize.

"Shoga, wa kwako naye anakunywa supu ya Suhail?"

"Supu gani?"

"Ya ngiiisi."

Alilivuta neno lile kama mpira, kisha akakonyeza. Mwanamize aliuona ule ukonyezo, na nguo zikamdondoka mikononi.

Suhail alikuwa kijana wa hapo hapo kisiwani, mtoto wa Bi Asya, aliyefungua kibanda cha supu pale diko, vyombo vinaposhushia samaki. Kila baada ya alasiri alitia moto, akaweka sufuria, na wanaume wakajipanga na vikombe. Alikuwa akitangaza supu ya ngisi. Ila kila aliyelitamka jina hilo pale kibandani alilivuta, na kila aliyelivuta alikonyeza, na kila aliyekonyezwa alielewa kwamba ndani ya sufuria ile hamna ngisi hata wa dawa. Mna pweza. Na supu ya pweza, Pemba yote inajua inasifiwa kwa lipi, haina haja ya kuelezwa mbele ya watoto.

Siku nyingine Mwanamize angecheka akajisemea kimya alhamdulillahi. Siku ile kicheko hakikuja. Maana mwamba ulikuwa umefungwa, na aliyeufungisha alikuwa yeye.

Mwamba wenyewe ni ule wa Mtondooni, ambao wanawake wa kisiwa wanaufikia kwa miguu maji yakitoka, kila mmoja na kijiti chake cha chuma, wakichokoa pweza kwenye mashimo. Mwanamize alichokoa hapo tangu hajavunja ungo. Alimwona pweza akipungua mwaka hadi mwaka, kutoka yule wa kubebwa begani mpaka huyu wa kuenea kiganjani, ambaye ukimtia chunguni humwoni tena. Akasimama mkutanoni, sauti ikimtetemeka, akaomba mwamba ufungwe msimu mmoja tu. Pweza akiachwa, alisema, anakua upesi kuliko mtoto wa jirani. Watu walimcheka. Mzee Bakar alisema kumfungia pweza ni sawa na kumfungia upepo. Alibishana nao mpaka koo likakauka, na mwishowe wakakubali, kwa shingo upande na kwa sharti moja: siku itakayojulikana kwamba kuna mtu anaiba, mwamba unafunguliwa siku hiyo hiyo, kila mtu ajichotee.

Mlinzi wa mwamba akachaguliwa Shaame. Mumewe. Mwanamize alijivuna siku ile, hakuficha.

Sasa mwisho wa kufungwa ulikuwa karibu. Zilibaki bamvua chache, siku za maji makubwa, na kila akikaribia maboya yaliyouzunguka mwamba aliona makombe mapya, maganda ya chaza, yamelundikwa nje ya mashimo, ishara kwamba mwenye nyumba yumo ndani, anakula, ananenepa. Mwamba ungefunguliwa sasa, pweza wangetolewa wangali wadogo, na asingepatikana tena mtu wa kuukubali ufungwe. Angemwambia nani? Angesimama mkutano upi?

Jioni Shaame aliporudi, Mwanamize alimngoja kizingitini.

"Baba Yussuf, unakunywa nini kwa Suhail?"

"Supu."

"Ya nini?"

"Ya ngiiisi," alisema Shaame. Jicho lake la kulia likataka kufumba lenyewe, akalizuia kwa kidole akijifanya limeingia mdudu.

"Niapie."

"Wallahi, yakhe, ngisi!"

Masikio yalikuwa yamemwiva. Mwanamize aliyatazama masikio yale akatamani kulia. Mume mwongo ni taabu, lakini mume mwongo ambaye ndiye mlinzi! Kama pweza wanatoka, wanatoka mbele ya macho yake, na pengine kwa mkono wake. Alimpakulia wali bila kumtazama. Usiku ule Shaame alisifu kanga, akasifu wali, akasifu mpaka taa, na hakuna kilichojibiwa.

Habari ya namna hii haikai mfukoni. Kufikia Alhamisi kisiwa kizima kilikuwa kinakonyezana. Na ukonyezo ule, ulioanza kwa mzaha, ukazaa jambo baya. Watu walioshika ahadi kwa uaminifu walianza kuulizana: kama wenzetu wanakula, sisi tunalinda nini? Mwanamke mmoja alitoa kijiti chake cha chuma kilichokuwa juu ya dari, akaanza kukinoa mlangoni, wazi, bila haya. Wa pili alimwona naye akatoa chake. Mwanamize alipita njiani akasikia krrr, krrr, nyumba hadi nyumba, na kila krrr ilimkwaruza yeye.

Mzee Bakar akaenda kwa Sheha. Sheha akaitisha mkutano uwanja wa skuli, Ijumaa baada ya sala.

"Tunalinda mawe," alitangaza Mzee Bakar. "Mwamba ushaliwa. Sharti ni sharti."

Mwanamize hakulala vizuri. Asubuhi ya Ijumaa alijifunga kibwebwe akaenda nyumbani kwa Suhail. Hakujua anakwenda kumkamata au kumpigia magoti. Njia nzima alibadilisha nia, na alipofika alikuwa na zote mbili.

Suhail hakuwapo. Alikuwapo mamake, Bi Asya, amekaa kwenye mkeka na sahani mbele yake, anaitazama sahani ile kwa chuki.

"Shikamoo Bi Asya."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Kula."

"Nishakula."

"Kula, nakwambia! Nisaidie. Miye n'tadhalilika!" Bi Asya aliisukuma sahani. "Wali kwa ngisi. Jana wali kwa ngisi. Juzi muhogo kwa ngisi. Asubuhi chai, na kipande cha ngisi pembeni! Yule mtoto kila siku anakuja na ndoo nzima ya nyama iliyochujwa, imechemka mpaka haina ladha, ananambia mama, kula, ni haramu kutupa. Paka wa hapa wamehama. Wallahi, wamehama!"

Mwanamize aliichukua sahani. Aliinusa, akakitafuna kipande, akakitafuna tena polepole, yeye ambaye amekula pweza kabla hajaota meno. Hakuwa pweza. Alikuwa ngisi, aliyechemshwa mpaka roho yake ikamtoka mara ya pili.

"Bi Asya, ile mifupa yao mnatupa wapi?"

"Nyuma ya jiko huko. Uangalie usiteleze."

Nyuma ya jiko palikuwa pamelundikana. Ngisi ana ule mfupa wake wa mgongoni, mwembamba, mwangavu, ungedhani mtu amekata chupa ya plastiki kwa mkasi. Pweza hana mfupa hata wa kusingiziwa. Na hapa mifupa ilikuwa rundo la kufika gotini, inang'aa juani, mingine imepeperukia kwenye uzio, mingine kuku wanaivuta kama kamba. Mwanamize aliinama akatia mikono miwili ndani ya rundo lile na kicheko kikamtoka, kicheko cha ajabu, cha kwikwi, mpaka akakaa chini kwenye majivu.

Ndivyo Suhail alivyomkuta. Aliweka ndoo chini, akaona mifupa iliyo mikononi mwa Mwanamize, akaelewa.

"Dada Mwanamize," alisema, "usinimalize."

"Wewe unauza ngisi!"

"Si nasema kila siku? Mie sijasema uwongo hata mara moja!"

Akaeleza, amechuchumaa, jasho linamtoka. Alianza na supu ya ngisi ya halali, ngisi wa kununua Makoongwe kwa wanaovua kwa taa. Hakupata mnunuzi. Alikaa na sufuria yake mpaka nzi wakamzoea. Siku moja alipokuwa akitangaza, moshi ukamwingia jichoni, akafumba jicho moja, neno likamkwama kooni likatoka refu. Mteja wa kwanza akasimama. Akamkonyeza na yeye. Akanywa vikombe viwili akaenda zake anatembea kifua mbele. Kesho yake walikuja kumi, na hao kumi ndio waliomwambia, chuja vipande, kijana, usituachie ushahidi kikombeni.

"Nikachuja," alisema Suhail. "Tangawizi nikazidisha, pilipili manga nikazidisha. Kama wanataka kukonyeza, nami n'na macho."

"Na bei?"

Suhail alitazama chini. "Ya pweza," alisema kwa sauti ndogo. "Lakini wanatoa wenyewe! Dada, ukisema leo mkutanoni, kesho hawaji hata kunusa."

Mwanamize aliinuka. Alijaza mifupa kwenye beseni la Bi Asya, akaifunika na kitambaa. Alikuwa na furaha ya kutaka kuruka. Mwamba haujaguswa! Pweza wake wamo wote majumbani mwao! Alipofika kwa Zulekha alikuwa karibu anakimbia, akamvuta ndani, akafungua kitambaa, akamwambia yote. Alitegemea Zulekha apige vigelegele.

Zulekha alipauka.

"Usiseme," alisema.

"Nisiseme nini?"

"Shoga, fikiri. Hao wanaume wetu, nguvu zimo kwenye supu au kwenye ukonyezo? Wakijua ni ngisi, si zitakatika kama umeme? Mie nna mlango wa buluu. Nshazoea. Kanambia wiki ijayo anapaka na dirisha."

"Na mwamba?"

"Mwamba..." Zulekha alilitazama beseni, akautazama mlango wake, akalitazama beseni tena. "Mwamba tumeishi nao ulivyo. Mume mchangamfu je?"

Mwanamize alikaa juu ya kitanda cha kamba. Aibu ilimjaa, maana alilielewa jambo lile kuliko alivyotaka. Kweli kabisa, alizipenda wiki zile. Alipenda mbinja uani, alipenda kuitwa Mama Yussuf na mtu anayetabasamu, na kanga ile kuukuu hakuifua kwa siku mbili kwa kuogopa itapoteza sifa. Akinyamaza, yote yanabaki. Kinachoondoka ni pweza tu, wadudu wasiojua hata jina lake. Alikaa na fikra hiyo mpaka adhana ikaisha. Kisha mbali, nyumba ya tatu, akasikia krrr, krrr, akasimama.

Uwanja wa skuli ulijaa. Wanaume mkono huu, wanawake mkono ule, na Sheha katikati na kiti chake. Mwanamize aliliweka beseni chini ya miguu.

Sheha aliwatazama wanaume. "Jamani, tuseme kweli. Kwa Suhail mnakunywa nini?"

"Ngisi," walijibu wote kwa pamoja, na nyuso za watu waliokamatwa na kuku wa mtu kwapani. Shaame alikuwa mstari wa mbele, amekodolea macho vidole vyake vya mguu.

"Suhail, wewe?"

"Ngisi," alisema Suhail. Sauti ilimtoka nyoofu, bila kuvuta, na hakuna aliyemwamini.

Mzee Bakar alisimama bila bakora. "Sheha, huu ni mchezo! Mie nasema kwa kuwa mie mwenyewe n'nakunywa. Kila siku. Ile ni pweza!"

"Umemwona?"

"Sikumwona. Lakini n'naijua pweza!" Mzee Bakar alipandwa na mori, akapiga kifua. "Unaweza kunidanganya kwa macho, unaweza kunidanganya kwa ulimi, lakini mwili huu haudanganyiki! Ntu wa umri wangu! Ushahidi uko nyumbani, muulizeni Bi Mkubwa!"

Upande wa wanawake, mkewe alilivuta buibui mpaka usoni akapotea ndani. Kicheko kilianza kwa watoto waliokaa ukutani, kikawarukia wanawake, kikavuka hadi kwa wanaume. Sheha mwenyewe aliinama kufunga kamba za viatu, naye alivaa makubadhi.

Mwanamize alibeba beseni mpaka katikati, akavuta kitambaa, akalipindua.

Mifupa ilimwagika mchangani, myeupe, myepesi, ikang'aa. Mmoja ulichukuliwa na upepo ukatua kwenye goti la Mzee Bakar. Hapakuwa na haja ya kueleza. Pale walikuwapo watu waliozaliwa baharini na watu wa kuzeekea baharini. Kila mtu aliutazama mfupa, na kila mtu aliujua.

"Imetoka nyuma ya jiko la Suhail," alisema Mwanamize. "Mwamba haujaguswa. Hajaibiwa pweza hata mmoja. Mmekunywa ngisi, mmelipia pweza, na mkanoa vyuma kwa ajili ya jicho la mtu lililoingia moshi!"

Mzee Bakar aliuokota ule mfupa kwa vidole viwili. Aliuinua juani. Uso wake ulikuwa wa mtu anayefanya hesabu ya mambo mengi aliyoyafanya wiki zile, na asiyejua sasa amshukuru nani.

"Ngisi?" alisema taratibu.

"Ngisi, ami," alisema Suhail.

Hapo uwanja ulipasuka. Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega, Zulekha akilia na kucheka kwa pamoja, akisema, dirisha langu, jamani, dirisha langu. Sheha alitamka, kwa shida, kwamba mwamba unabaki umefungwa mpaka siku yake. Waliokuwa wamenoa vyuma walitazama kando. Mzee Bakar akaketi chini na kuomba aletewe bakora.

Shaame alirudi nyumbani mbele ya mkewe, anaruka madimbwi. Alipofika uani aligeuka, mikono ameitandaza, uso umejaa nuru.

"Unaona, Mama Yussuf? Umeona? Si nilikuapia! Nilisema ngisi, wallahi ngisi, ukaninunia siku mbili. Haya, nani mkweli?"

Mwanamize alilitua beseni. Kicheko kilikuwa bado kimemkaa kifuani, lakini kilianza kupoa.

"Ulipoapa," alimuuliza, "ulijua ni ngisi?"

Mikono ya Shaame ilibaki hewani.

"Nakuuliza, Baba Yussuf. Kila siku ulipopanga foleni na kikombe, ulijua?"

Alishusha mkono mmoja, halafu wa pili. "Sikujua," alisema.

"Ulidhani ni nani?"

"Nilidhani pweza."

"Wa wapi?"

Hapakuwa na mwamba mwingine wa kutaja.

"Basi sikiliza," alisema Mwanamize, na sauti ilimtetemeka kama siku ile aliyosimama mkutanoni. "Chunguni alikuwa ngisi. Kinywani mwako alikuwa pweza wangu. Kila siku umemla, na ukarudi ukanisifia kanga."

Iliuma kuisema, na alimwona imemuuma kuisikia. Shaame alikaa kwenye kigogo cha kupasulia kuni, akainamisha kichwa. Alisema kwamba wamtafute mlinzi mwingine, yeye hastahili.

"Nshampata," alisema Mwanamize. "Inuka."

Alasiri ile watu waliokuwa diko, ambako kibanda cha Suhail kilikuwa hakina mteja, waliona mtumbwi wa mlinzi ukitoka. Shaame alikuwa nyuma, anapiga kafi. Mwanamize alikuwa mbele, amekaa wima, kanga ameifunga kichwani. Mtu mmoja alipiga ukelele kuuliza siku hizi nani mume. Shaame hakugeuka, aliendelea kupiga kafi, na kwa nguvu kuliko siku zote.

Walipofika kwenye maboya Mwanamize alimwambia asimame. Maji yalikuwa safi. Aliinama juu ya ubao akatazama chini, na kwenye mashimo aliona makombe yamelundikwa, na katika shimo moja mkono mnene ulitoka, ukapapasa, ukavuta kombe moja ndani kwa ukaidi wa mwenye mali. Furaha ilimpanda mpaka machoni. Alitaka kumwita Shaame aje atazame, akakumbuka amemkasirikia.

Nyuma yake Shaame alikohoa.

"Mama Yussuf."

"Nini?"

"Najiuliza tu." Kafi lilidondosha maji, tone, tone. "Kama haikuwa pweza... hizo wiki zote... basi ilikuwa nini?"

Mwanamize alifungua mdomo, akaufumba. Mabega yalianza kumtikisika. Alishika ubao wa mtumbwi kwa mikono miwili na kugeuza uso kabisa upande wa bahari, ili yule mtu asije akaona.

"Piga kafi," alisema.